Simu ilisema "Imekwisha": kisa cha kuhamisha kanzidata ya ushirika mmoja

Kisa hiki kilitokea katika ushirika wa akiba na mikopo ulioko mkoani, Tanzania. Jina la ushirika, la mji na la kila mhusika nimeliondoa, na saa chache nimezisogeza ili mtu asiweze kuutambua usiku wenyewe. Mambo ya kiufundi nimeyaacha yalivyokuwa, maana hayo ndiyo yanayofaa kusomwa.

Usuli

Ushirika ulikuwa na seva moja. Tukiiita seva tunaikweza, kwa sababu ilikuwa kompyuta ya mezani iliyokaa chini ya meza ya mhasibu, ikiendesha PostgreSQL (programu ya kanzidata, yaani hifadhi ya data iliyopangwa kwa majedwali) mchana na usiku kwa msaada wa UPS, kifaa cha kushikilia umeme unapokatika, ambayo betri yake ilikuwa imechoka. Ndani yake mlikuwa na akaunti za wanachama, mikopo, miamala, na pia picha za fomu za mikopo zilizopigwa skani. Aliyeutengeneza mfumo aliamua picha hizo zikae ndani ya kanzidata badala ya kuwa mafaili ya kawaida. Uamuzi huo wa miaka ya nyuma utaonekana tena baadaye.

Idara ya kompyuta ilikuwa mtu mmoja, kijana nitakayemwita fundi. Juu yake alikuwapo meneja, mama aliyeanzia dirishani kama keshia na anayekijua kila kitabu cha ofisi ile. Kazi ndefu zilimtesa fundi. Nakala rudufu ya mwisho wa mwezi, ripoti za gawio, kila moja ilimtaka akae ofisini hadi usiku wa manane akiutazama mstari mweusi usiosogea, kisha atafute bodaboda ya kumrudisha nyumbani. Siku moja meneja alimwambia, "Mwanangu, hizo bodaboda za usiku zitakuua. Tafuta njia ya hiyo mashine kukupigia wewe."

Njia ipo na ni rahisi. Fundi alisakinisha ntfy kwenye simu, programu huria ya kupokea arifa. Unachagua jina la mada, unajiunga nayo kwa simu, halafu kompyuta yoyote yenye intaneti inatuma ujumbe kwa mstari mmoja:

`curl -d "Imekwisha" ntfy.sh/jina-la-mada`

Alikuwa amefikiria pia roboti ya Telegram, ambayo nayo ni bure, lakini Telegram yake ilikuwa imejaa makundi aliyoyanyamazisha na alihofia arifa ingepotea humo. SMS aliikataa kwa sababu ya gharama na ya kuhitaji mkataba na mtoa huduma. Kwa mtu mmoja na seva moja, mimi pia ningeanza na ntfy.

Kwa miezi miwili mambo yalikwenda vizuri. Kisha ikanunuliwa mashine mpya, na ikabidi kanzidata yote ihamishwe.

Usiku wa Ijumaa

Ofisi ilipofungwa Ijumaa, mfumo ulisimamishwa. Fundi alitoa data yote kwenye mashine ya zamani, akaigandamiza, akaiandika moja kwa moja kwenye diski ya nje, kisha akainakili kwenye mashine mpya. Alikwenda nyumbani, akala, akafungua laptopu na kuingia kwenye mashine ya ofisini kwa SSH, njia ya kuiendesha kompyuta ukiwa mbali. Alikadiria kurudisha data kungechukua saa tano hadi sita. Aliandika hivi, gunzip ikilifungua faili lililogandamizwa na psql ikiiingiza data kwenye PostgreSQL:

`gunzip -c data.sql.gz | psql -d ushirika && curl -d "Imekwisha" ntfy.sh/...`

Akalala, simu kando ya mto.

Umeme ulikatika mtaani kwake usiku huo. Ruta ilizimika na muunganisho wa SSH ukafa, na seva ilipogundua kwamba upande wa pili hapana mtu, iliifunga terminali (dirisha la amri) pamoja na kila kilichokuwa kikiendeshwa ndani yake. Kazi ilikatika katikati. Simu haikulia, kwa sababu ile amri ya kutuma arifa ilikuwa inasubiri ndani ya terminali hiyohiyo iliyokufa.

Fundi aliamka saa 12 asubuhi, akakuta kimya, akajiambia kazi bado inaendelea. Alikwenda shambani. Ilipofika saa 8 mchana ndipo alipoanza kutilia shaka, na alipoingia kwenye seva alikuta hakuna kinachoendelea tangu usiku. Siku nzima ilikuwa imepotea.

Usiku wa Jumamosi

Safari hii alibadilisha mambo mawili, na la kwanza lilikuwa sahihi kabisa: aliendesha kazi ndani ya tmux, ambayo huishi kwenye seva yenyewe hata muunganisho ukikatika. La pili lilitokana na kukiogopa kile kimya cha jana. Aliona kwamba `&&` hutuma arifa pale tu amri ya kwanza inapofaulu, kwa hiyo akaiweka `;` mahali pake ili simu ilie kwa vyovyote vile. Ujumbe ukawa "Imekwisha" pamoja na saa. Alianza saa 4 usiku.

Asubuhi ya Jumapili simu ilikuwa na ujumbe: *Imekwisha 20:47*.

Hapa pana jambo ambalo msomaji wa Kiswahili atalielewa upesi kuliko mwingine yeyote. Seva mpya ilikuwa bado iko kwenye saa za Greenwich, saa tatu nyuma ya saa zetu. Kwa hiyo 20:47 ya seva ilikuwa 23:47 ya hapa, ambayo sisi tunaiita saa 5:47 usiku. Fundi alijua kwamba saa ya seva haijarekebishwa, akaipuuza namba ile. Alipomtumia meneja ujumbe huo, mama aliusoma kama saa mbili usiku na kitu, akauliza, "Si uliniambia unaanza saa nne?" Fundi akamjibu kwamba saa za mashine ni za Uingereza, asijali. Baina ya tafsiri hizo tatu za saa, hakuna aliyepiga hesabu moja ndogo: kazi iliyokadiriwa saa tano au sita ilikuwa imemalizika kwa saa moja na dakika 47.

Fundi alifungua mfumo kutoka nyumbani, akatafuta majina ya wanachama watatu. Yote yalikuwapo na salio zao zilionekana. Akamwandikia meneja: tuko tayari kwa Jumatatu.

Jumatatu

Saa 2 asubuhi dirisha lilifunguliwa. Kufikia saa 3 na nusu walikuwa wamepokea amana kumi na nne. Mwanachama wa kumi na tano hakuja kuweka pesa, alikuja kuomba taarifa ya akaunti ya miezi sita kwa ajili ya mkopo. Keshia alibofya, karatasi ikatoka ina jina, ina salio, na chini yake hakuna muamala hata mmoja. Alijaribu mwanachama mwingine, ikawa vilevile.

Mimi nilipigiwa simu saa 4 kuombwa msaada. Kitu cha kwanza nilichoomba ni ukubwa wa lile faili, na fundi akanisomea: 4294967295. Mtu aliyewahi kuumwa na nyoka huyu humtambua kwa mkia. Diski ya nje ilikuwa imeumbizwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Kikomo chake ni hiyo namba hasa, baiti moja chini ya GB 4. Zile picha za fomu ndizo zilizoinenepesha data kupita hapo. Faili lilikatwa lilipofika kikomo, na kosa liliandikwa kwenye skrini ambayo ilikwisha kufungwa.

Kilichofuata kinafaa kuelezwa polepole, kwa sababu kila chombo kilifanya kazi yake kama kilivyoandikwa. Majedwali ya mfumo yalirudishwa kwa mpangilio wa majina: `accounts`, `loans`, `members`, `scans`, `transactions`. Matatu ya kwanza yaliingia yote. Faili lilikatika katikati ya `scans`, na kwa kuwa mstari wake wa mwisho haukutimia, PostgreSQL ililikataa jedwali hilo zima. `transactions` halikufikiwa kabisa. Faharasa na funguo za majedwali, ambazo huandikwa mwishoni mwa faili baada ya data yote, hazikufikiwa pia. Ndiyo maana wanachama walionekana, salio zilionekana, na kazi iliisha mapema.

gunzip ililalamika kwamba faili limekatika. Lakini amri mbili zikiunganishwa kwa bomba, ile alama `|`, Bash (programu inayotekeleza amri) huangalia namba ya kutokea ya amri ya mwisho peke yake, yaani namba ambayo amri huiacha ikimaliza kuonyesha kama imefaulu. Amri ya mwisho ilikuwa psql, na psql, usipoiambia vinginevyo, hukutana na kosa, huliandika, husonga mbele, na mwishoni hutoka na sifuri. Sifuri maana yake ni salama. Hata kama fundi angebaki na `&&` yake ya Ijumaa, simu ingelia vilevile.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi uliowaokoa haukuwa wa siku hiyo. Wiki mbili kabla, fundi alitaka kuifuta mashine ya zamani mara tu baada ya kuhama ili diski yake itumike kwa nakala rudufu. Meneja alikataa: haifutwi mpaka mwezi uishe na vitabu vifungwe. Alisema hivyo kwa mazoea ya uhasibu tu, wala hakuwa akijua lolote kuhusu PostgreSQL. Kwa hiyo Jumatatu ile dirisha lilifungwa kwa dakika arobaini, kompyuta za keshia zikaelekezwa kwenye mashine ya zamani, na zile amana kumi na nne zikaingizwa upya kutoka kwenye stakabadhi za karatasi. Kitabu cha stakabadhi, ambacho fundi alikuwa amependekeza kiachwe mwaka huo, kilikuwa na zote kumi na nne.

Nilipendekeza uhamisho usubiri hadi wikiendi iliyofuata. Fundi alitaka kurudia usiku uleule. Nilimwelewa, aibu inawasha, lakini mtu ambaye hajalala vizuri kwa siku tatu haongezewi usiku wa nne.

Wiki hiyo tuliandika vitu viwili. Cha kwanza ni skripti ya kurudisha data, ambayo inakataa kuendelea ikikuta kosa lolote:

```
set -euo pipefail
gzip -t data.sql.gz
gunzip -c data.sql.gz | psql -q -v ON_ERROR_STOP=1 -d ushirika
./linganisha.sh
```

`pipefail` inaifanya Bash ijali kosa popote kwenye bomba. `ON_ERROR_STOP` inaifanya psql isimame kwenye kosa la kwanza na kutoka na namba isiyo sifuri. `gzip -t` inapima kama faili ni zima kabla hata hatujaanza. Mstari huo mmoja, ungekuwapo Jumamosi, ungetoa jibu ndani ya dakika chache. Na `linganisha.sh` inahesabu mistari ya data ya kila jedwali na kujumlisha salio zote, kisha inazipambanisha na hesabu zilizochukuliwa kwenye mashine ya zamani baada ya mfumo kusimamishwa. Hesabu zisipolingana, nayo inatoka na kosa.

Cha pili ni skripti ya arifa yenyewe, ambayo inaizunguka kazi yoyote:

```
#!/bin/bash
jina="$1"; shift
SECONDS=0
"$@" > "$HOME/logi/$jina.log" 2>&1
namba=$?
dakika=$((SECONDS / 60))
if [ "$namba" -eq 0 ]; then
  hali="SALAMA"; uzito=3
else
  hali="IMEFELI"; uzito=5
fi
for i in $(seq 1 30); do
  curl -fsS -m 20 -H "Priority: $uzito" \
    -d "$hali: $jina, dakika $dakika, namba $namba" \
    "$ANWANI" && break
  sleep 60
done
exit "$namba"
```

Tulichagua kutuma dakika zilizotumika badala ya saa ya kumaliza, na msomaji anajua kwa nini. Marudio thelathini ni kwa ajili ya intaneti ya ofisi, ambayo hupotea na kurudi.

Bado palibaki kifo kisichoweza kujitangaza. Umeme ukikatika ofisini na UPS ikaishiwa, hakuna skripti itakayotuma chochote. Kernel, kiini cha mfumo wa uendeshaji, ikiiua kazi kwa kukosa kumbukumbu, skripti yetu itaona namba 137 na kutoa taarifa. Ikiiua skripti yenyewe, basi. Kwa hiyo tulikodi seva ndogo ya nje na kuweka Healthchecks, mfumo huria unaofanya kazi kinyume na arifa ya kawaida: seva ya ofisi hupiga hodi kila baada ya dakika kumi wakati kazi inaendelea, na hodi zikikosekana kwa nusu saa, ni ile ya nje inayoiamsha simu.

Seva hiyo ya nje ilitatua na jambo jingine lililonishtua zaidi ya faili lililokatika. Mada ya ntfy kwenye huduma ya umma haina nenosiri: ajuaye jina lake anasoma kila kinachopita. Nilijaribu kubahatisha jina alilochagua fundi, na jaribio la pili lilikuwa lenyewe, jina la ushirika likifuatiwa na neno "seva". Kwenye toleo alilolitumia mwezi ule wa mwanzo alikuwa akituma pia mistari ya mwisho ya logi, yaani rekodi ya yale ambayo kazi imeandika. PostgreSQL ikishindwa kuingiza safu, huuandika mstari wenyewe kwenye ujumbe wa kosa, yaani jina la mwanachama, simu yake, na chochote kingine kilichomo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na salio la mwalimu haliwezi kupita hewani kwa sababu tu fundi alitaka kulala. Tulihamishia ntfy kwenye seva yetu ya nje, tukaiwekea nenosiri, na arifa ikabaki na mambo manne tu. Anayetaka logi aingie kwenye seva aisome.

Matokeo

Jumamosi iliyofuata fundi alianza saa 3 usiku akiwa bado ofisini. Baada ya dakika sita simu ililia kwa mlio mkali: IMEFELI, namba 3. Kwenye mashine mpya hapakuwa na mtumiaji wa kanzidata anayetajwa ndani ya faili. Kosa hilohilo lilikuwapo wiki iliyotangulia, likapita bila kuonekana. Aliongeza mtumiaji, akaanza upya, akaenda nyumbani kwa bajaji ya saa 4.

Kazi ilimalizika baada ya saa tano na dakika kumi. Hesabu zote tano za majedwali zililingana na jumla ya salio ililingana hadi senti. Arifa ya SALAMA, hata hivyo, ilionekana kwenye simu saa 11 alfajiri, fundi alipoishika kutazama saa, ingawa seva ilikuwa imeituma zaidi ya saa mbili kabla. Android, tangu toleo la 6 la mwaka 2015, huzilaza programu simu inapotulia mezani, na watengenezaji wengi huongeza ukali wao juu ya huo. Tuliiondoa ntfy kwenye orodha ya programu zinazobanwa kuokoa betri, na tukairuhusu ipite hata simu ikiwa kwenye hali ya kutosumbuliwa, kwa arifa za uzito wa 5 pekee. Hilo lilipaswa kujaribiwa kabla, kwa arifa ya uongo saa 8 usiku. Kosa hilo ni langu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi: tmux, kuitunza mashine ya zamani, stakabadhi za karatasi. Viwili kati ya hivyo vitatu havikutokana na ujuzi wa kompyuta.

Kilichofeli watu wengi hukitaja kama "arifa mbovu", na mimi siafiki. Kabla ya arifa, fundi alikuwa akikaa mbele ya skrini, na macho yake yalikuwa yakifanya kazi ambayo hakuna aliyeihesabu. Aliona mistari ya makosa ikipita. Aliona kazi ikiisha mapema mno akashangaa. Mwaka uliotangulia aliwahi kusimamisha ripoti ya gawio kwa sababu tu, kwa maneno yake, "ilikuwa inakimbia sana". Arifa ilimwondoa kwenye kiti, ikayaondoa na macho yale, na mahali pake ikaweka neno moja ambalo aliliandika mwenyewe kabla kazi haijaanza. "Imekwisha" ilikuwa imetungwa saa 4 usiku na mtu asiyejua kitakachotokea. Isingeweza kueleza lolote kuhusu saa 5:47.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Ijumaa ile kimya kilikuwa na maana tatu kwa wakati mmoja: kazi inaendelea, kazi imekufa, au kazi imekwisha lakini ujumbe haukufika. Fundi alichagua ile aliyoipenda. Sioni kosa la tabia hapo, mtu aliyelala angechagua ipi? Mfumo ndio unaopaswa kupunguza maana za kimya, na hapo ndipo zile hodi za kila dakika kumi zinapolipa gharama ya seva ya nje.

Naona pia kwamba uhakiki wa Jumapili ulifanywa na mtu aliyekwisha kuamini. Alitafuta majina matatu ya wanachama kwa sababu majina ndiyo skrini ya kwanza. Keshia angetafuta taarifa ya akaunti. Ningekuwa naanza upya ningemwomba keshia aje Jumapili kwa saa moja, alipwe posho yake, na afanye mambo yaleyale anayoyafanya Jumatatu.

Yaliyobaki

Wiki tatu baadaye fundi aliizungushia skripti ya arifa kila kitu, hata kazi za sekunde ishirini. Meneja, ambaye naye alikuwa ameiweka ntfy kwenye simu yake, aliinyamazisha siku ya nne. Sasa arifa za SALAMA hutumwa kwa kazi iliyozidi dakika kumi tu, na IMEFELI hutumwa daima. Meneja hupokea za kufeli peke yake.

Njia ya pili ya dharura kwa SMS, kwa siku ambazo bando la fundi limekwisha, imepitishwa kwenye kikao lakini haijanunuliwa. Diski ya nje imeumbizwa upya kwa ext4, mpangilio unaopokea mafaili makubwa zaidi. Mashine ya zamani ilipaswa kufutwa mwezi ule ulipoisha, na fundi mwenyewe ndiye aliyeomba iachwe hadi mwezi unaofuata.